Anga Jekundu, Redio Bubu: Aurora Inapoonekana Mbali na Ncha

Usiku wa kuamkia tarehe 11 Mei 2024, kamera ya kituo cha uchunguzi wa anga kilichoko Hanle, Ladakh, kaskazini mwa India, ilinasa wekundu uliotanda karibu na upeo wa kaskazini. Hanle iko nyuzi 33 hivi kutoka ikweta. Hapo si mahali pa kungojea aurora, ile mianga ya kaskazini inayowaka angani karibu na ncha za Dunia. Usiku huohuo picha zilimiminika kutoka Mexico, Florida na Visiwa vya Kanari, na kila aliyeziona alisema jambo moja: aurora imeshuka kusini.

Imeshuka, ndiyo, lakini si kwa kiasi ambacho picha zile zinadokeza. Wekundu ulioonekana Hanle haukuwa juu ya Hanle. Ulikuwa mbali kaskazini, kwenye kimo cha mamia ya kilomita, na ulionekana tu kwa sababu kitu kilicho juu kiasi hicho hakifichiki upesi.

Mkanganyiko wa pili ni mkubwa zaidi, nao ndio ulionisukuma kuandika. Habari za aurora huja zimefungamana na habari za redio kukatika, ndege kubadili njia na GPS kuyumba, na msomaji hubaki akidhani kwamba ile mianga ndiyo iliyoziba redio. Sivyo. Mara nyingi redio hunyamaza siku moja au mbili kabla ya mwanga wowote kuonekana, tena mchana kweupe, tena katika nchi ambazo haziioni aurora kabisa. Ukilitazama jambo hili kama tukio moja, halitaeleweka. Ni wageni watatu waliotoka nyumba moja, kila mmoja kwa mwendo wake, na kila mmoja na mlango wake wa kugonga.

Kwa nini nyekundu, kwa nini mbali

Tuanze na kinachoonekana. Aurora haizagai ovyo angani. Huwaka kwenye mkanda unaoizunguka ncha ya sumaku ya Dunia, kwa kawaida kati ya nyuzi 65 na 70 za latitudo ya kisumaku, inayohesabiwa kwa ncha za sumaku badala ya zile za ramani. Elektroni zenye kasi hushuka zikifuata mistari ya uga sumaku, zikazigonga atomi na molekuli za hewa, na hewa iliyogongwa ikatoa mwanga. Rangi hutegemea nani kagongwa na kwenye kimo gani. Kijani ni oksijeni, kwenye kilomita 100 hadi 150 hivi. Bluu na zambarau ni nitrojeni. Wekundu ule mzito ni oksijeni tena, ila ya juu zaidi, kuanzia kilomita 200 hadi 400 na kupita.

Inakuwaje oksijeni ileile itoe rangi mbili? Atomi iliyosisimka haitoi nuru papo hapo. Hukaa kidogo kwanza. Inayotoa kijani hungoja chini ya sekunde moja. Inayotoa nyekundu hungoja karibu sekunde 110. Kwa atomi, hizo ni kama umri mzima. Huko chini ambako hewa ni nzito, jirani ataigonga na kuipokonya nishati kabla haijawaka. Juu, ambako majirani ni wa kuhesabu, inamaliza kungoja kwake kwa amani na kuwaka. Nyekundu, basi, ni rangi ya mahali pasipo na msongamano, ndiyo maana hukaa kwenye kilele cha pazia la aurora na si kwenye pindo lake.

Hapo ndipo hesabu ya upeo wa macho inapoingia. Mwanga ulio kilomita 100 juu huzama chini ya upeo mtazamaji akiwa umbali wa takriban kilomita 1,130. Ulio kilomita 400 juu unaendelea kuonekana hadi kama kilomita 2,250. Nyuzi moja ya latitudo ni kilomita 111, kwa hiyo kijani hufika macho ya mtu aliye nyuzi 10 kusini yake, na nyekundu hufika nyuzi 20. Mtazamaji wa mbali haoni pazia zima. Anaona kichwa chake tu. Pindo la kijani limemezwa na mviringo wa Dunia.

Ndiyo sababu kwa karne nyingi watu wa kusini waliichukulia aurora kuwa moto wa mahali fulani. Enzi za Kaisari Tiberio, askari wa Roma walikimbilia bandari ya Ostia wakidhani inateketea, kumbe ni anga lililokuwa limewaka sehemu kubwa ya usiku. Tarehe 17 Septemba 1770, wakazi wa Kyoto, Japani, waliona mistari myekundu imefunguka angani kama upepeo, na mchoro wake umehifadhiwa hadi leo. Januari 1938 wekundu ulifika hadi Ureno, Gibraltar na Sicily. Hakuna kati ya hao aliyeona kile kijani kinachopamba matangazo ya watalii wa Norway.

Kimo peke yake hakitoshi, hata hivyo. Katika dhoruba kali ya sumaku mkanda wenyewe hupanuka na kusogea kuelekea ikweta, mara nyingine kwa nyuzi 20 au zaidi. Mambo hayo mawili yakikutana, mwanga huonekana mahali ambapo wazee hawana hata jina lake. Na kuna la tatu ambalo husahaulika: latitudo inayohusika ni ya kisumaku, si ya ramani. Ncha ya sumaku ya kaskazini imeegemea upande wa Amerika, kwa hiyo miji miwili iliyo kwenye mstari mmoja wa ramani haina bahati sawa. Wa Texas uko karibu zaidi na mkanda wa aurora kuliko wa India au Japani. Mtu wa Hanle akiona wekundu, ameona jambo adimu kuliko mtu wa Dallas.

Tena wekundu wa Hanle una siri nyingine. Ulifasiriwa kuwa tao jekundu tulivu, ambalo kitaalamu ni jamaa wa aurora kuliko aurora yenyewe. Aina hii ilitambuliwa Ufaransa mwaka 1956. Haichezi wala haina miale. Chanzo chake ni joto linalovuja kutoka kwenye mkondo wa umeme unaoizunguka Dunia kwenye anga za juu wakati wa dhoruba, likazipasha elektroni zilizoko huko, nazo zikaisisimua oksijeni kidogo tu, kiasi cha kutoa nyekundu na si kijani. Aliyekesha kwenye baridi akapata picha sina haja ya kumwambia kwamba alichopiga si aurora halisi. Ila akishangaa kwa nini haikuyumbayumba kama zile za video, jibu ni hilo.

Wengine huona aibu kukiri kwamba simu iliona na wao hawakuona. Si aibu. Usiku jicho hutegemea seli zisizohisi nyekundu vizuri, wakati kamera hukusanya mwanga kwa sekunde kadhaa na kuuweka wote kwenye picha moja. Picha ile haidanganyi.

Nyumba moja, wageni watatu

Chanzo ni Jua, na hasa madoa yake, sehemu ambazo uga sumaku umejisokota kupita kiasi. Kundi la madoa lililoleta dhoruba ya Mei 2024, lililopewa namba 13664, lilikuwa pana takriban mara 15 ya kipenyo cha Dunia. Msokoto huo ukikatika ghafla na kujiunga upya, nishati hutoka kwa njia tatu.

Mgeni wa kwanza ni mwanga: eksirei na miale ya urujuanimno kutoka kwenye mwako wenyewe, yaani ule mlipuko wa nuru kwenye Jua. Anasafiri kwa kasi ya nuru, anafika kwa dakika 8 na ushei. Hana onyo, kwa sababu hakuna habari inayoweza kumtangulia. Unapouona mwako, ameshafika.

Mgeni wa pili ni protoni zilizorushwa kwa kasi kubwa. Hufika baada ya dakika makumi hadi saa kadhaa, na kwa kuwa zina chaji, uga sumaku wa Dunia huzielekeza kwenye ncha.

Wa tatu ndiye mzito na mvivu: wingu la plazma, mabilioni ya tani za gesi yenye chaji, likibeba uga sumaku wake lenyewe. Kwa mwendo wa kilomita 800 kwa sekunde linahitaji saa 52 kufika. Lenye haraka zaidi kati ya yaliyopimwa, la Agosti 1972, lilitumia chini ya saa 15. Mwaka 1859, Mwingereza Richard Carrington alikuwa akichora madoa ya Jua asubuhi ya tarehe 1 Septemba alipoona vimulimuli viwili vyeupe vikichomoza na kufifia mbele ya macho yake. Saa 17 na nusu hivi baadaye wingu likafika, na aurora ikaonekana hadi Cuba na Hawaii.

Aurora ya mbali ni kazi ya mgeni huyu wa tatu. Matatizo ya redio ni ya wote, na kila mmoja ana lake. Hata mizani inayotumiwa na kituo cha Marekani cha utabiri wa hali ya anga za juu, kilichoko Boulder, Colorado, imegawanywa hivyohivyo: R kwa redio kukatika kutokana na mwako, S kwa mnururisho wa protoni, G kwa dhoruba ya sumaku, kila moja ikipanda kutoka 1 hadi 5. Ukisoma tahadhari ya R3, ujue mgeni wa kwanza keshapita. Usiende kutafuta aurora usiku huo kwa sababu ya herufi hiyo pekee. Inayomhusu mpiga picha ni G.

Mchana redio inapomezwa

Redio ya masafa mafupi, kati ya megahezi 3 na 30, hufika mbali kwa kudunda. Guglielmo Marconi, Mtaliano mwanzilishi wa redio, alipodai kupokea ishara kutoka ng'ambo ya Atlantiki mwezi Desemba 1901, wengi walishangaa: mawimbi yaliwezaje kuufuata mviringo wa Dunia? Mwaka uliofuata Arthur Kennelly na Oliver Heaviside, kila mmoja kivyake, walipendekeza kwamba huko juu kuna tabaka la umeme linaloyarudisha. Edward Appleton alilithibitisha mwaka 1924, na mwaka 1947 akapewa Tuzo ya Nobeli.

Tabaka hilo, ionosfera, lina ghorofa. Ya juu huitwa F, iko kilomita 150 hadi mamia kadhaa, nayo ndiyo kioo kikuu cha masafa mafupi. Chini yake kuna E, karibu kilomita 110. Chini kabisa, kati ya kilomita 60 na 90, kuna D, na D ni mlafi. Hewa ya huko ni nzito kiasi kwamba elektroni ikitikiswa na wimbi la redio, hujigonga kwa hewa na kupoteza ilichopewa. Wimbi linakuwa joto, basi. Usiku D hutoweka, na ndiyo sababu stesheni ya mbali ambayo mchana haipatikani husikika vizuri baada ya giza kuingia.

Mwako wa Jua unachofanya ni kuinenepesha D ghafla. Eksirei hupenya hadi ghorofa ile, zikang'oa elektroni kwa wingi, na masafa mafupi yote yanayopita upande wa Dunia ulio na mchana humezwa. Kwa msikilizaji, stesheni haififii taratibu wala haiingiliwi na nyingine. Inazama. Hata mikwaruzo ya kawaida hupungua, mpaka mtu anaanza kukagua waya wa antena na betri. Jambo hili limepewa jina la J. Howard Dellinger, Mmarekani aliyelieleza mwaka 1935. Hudumu dakika chache hadi saa kadhaa, na upande wa usiku hawajui lolote.

Tarehe 6 Septemba 2017, Kimbunga Irma kikiwa kinavipiga visiwa vya Karibi, Jua lilitoa mwako wa daraja X9.3 (X ndilo daraja kali zaidi), mkubwa kuliko mingine yote ya mzunguko ule wa miaka 11 wa Jua kuchangamka na kutulia. Karibi ilikuwa asubuhi, imelielekea Jua. Waendesha redio wa ridhaa waliokuwa wakipitisha habari za dharura kwa masafa mafupi, pale simu zilipokuwa zimekufa, wakajikuta nao hawana njia kwa muda. Huo ndio uso wa kwanza wa dhoruba za Jua, na hauna rangi yoyote.

Protoni za mgeni wa pili hufanya kazi ileile ya kuinenepesha D, lakini juu ya ncha tu, na kwa muda mrefu zaidi: siku kadhaa. Ndege zinazokatiza Aktiki kati ya Amerika na Asia hutegemea masafa mafupi huko, kwa hiyo mashirika huzihamishia njia za kusini zaidi na kukubali gharama ya mafuta. Abiria huambiwa tu kwamba safari imerefuka.

Kuna njia nyingine ambayo Jua huiharibu redio nayo haihusu ionosfera hata kidogo: Jua lenyewe hugeuka mtambo wa kurusha matangazo. Februari 1942 rada za Uingereza zilijaa kelele, ikadhaniwa ni hila za Wajerumani, mpaka James Stanley Hey akabaini kwamba kelele ilitoka upande wa Jua na kulifuata lilivyosogea. Miaka 25 baadaye mkasa huo ulirudi ukiwa na hatari kubwa zaidi. Tarehe 23 Mei 1967, rada tatu za Marekani za kutahadharisha makombora, zilizoko Clear huko Alaska, Thule huko Greenland na Fylingdales huko Uingereza, zilizibwa zote kwa wakati mmoja. Kuziba rada hizo kungeweza kuhesabiwa kuwa kitendo cha vita, na ndege za kijeshi zilianza kuandaliwa. Kilichookoa ni kwamba jeshi la anga lilikuwa limeanza kuweka wataalamu wa kulifuatilia Jua, nao wakaeleza kwa wakati kuwa mvurugaji ni lile lililo juu ya vichwa vyao. Siku chache baadaye aurora ilionekana hadi New Mexico.

Wingu linapofika

Sasa tumfikie mgeni wa tatu, mwenye aurora. Wingu likigusa uga sumaku wa Dunia, mambo makubwa mawili hutokea huko juu: mikondo mikali ya umeme hupita ionosfera ya kaskazini, na hewa ya juu hupashwa moto. Joto hilo huinua nitrojeni kutoka chini na kuubadilisha mchanganyiko wa hewa katika ghorofa ya F, kiasi kwamba elektroni huzimika upesi kuliko zinavyozalishwa. Kioo kinakonda. Masafa ya juu, yanayohitaji kioo kinene, hupita moja kwa moja kwenda angani na kupotea.

Hapa kuna jambo ambalo hata wazoefu hulichanganya. Wakati wa mwako, D inapomeza, masafa ya chini ndiyo yanayokufa kwanza na kurudi mwisho, kwa hiyo anayetaka kusikika hupanda: anatoka mita bendi 49 kwenda mita bendi 19 au 16 (namba ya mita ikipungua, masafa hupanda). Wakati wa dhoruba ya sumaku, F inapokonda, ni masafa ya juu yanayokufa, kwa hiyo hushuka. Mtu akikwambia tu kwamba "Jua limeharibu redio", hajakwambia uzungushe kitufe upande gani. Wanaotumia njia zinazopita karibu na mkanda wa aurora wana balaa lao zaidi, kwani elektroni zinazoleta mwanga huongeza pia umezaji chini yake, na ishara zinazopona hupepesuka kama zimepita kwenye maji yanayochemka.

Mikondo ile ya juu huamsha mikondo mingine ardhini, na hii ndiyo inayoingia kwenye nyaya ndefu. Mwaka 1859 hakukuwa na redio, lakini kulikuwa na telegrafu. Mafundi wa Boston na Portland, Marekani, walichomoa betri zao wakaendelea kutumiana ujumbe kwa umeme wa aurora peke yake. Tarehe 13 Machi 1989, mikondo ya aina hiyo iliiangusha gridi ya Québec, Kanada, katika muda wa sekunde 92 hivi, na watu milioni 6 wakakaa gizani kwa saa 9. Hilo si tatizo la redio, ingawa mara nyingi hutajwa kwa pumzi moja nalo.

GPS iko katikati. Ishara zake ni za masafa ya juu mno, megahezi 1,575 na nyinginezo, hazidundi wala hazimezwi. Ila zinapopita kwenye ionosfera huchelewa kidogo, na kipokezi kinapoikosea hesabu ya kuchelewa huko, nafasi inayumba. Ionosfera ikiwa na mabonge na mashimo, ishara humetameta kama nyota na kipokezi hupoteza mshiko. Mei 2024 wakulima wa Marekani waliokuwa katikati ya upandaji waliona trekta zao, zinazojiongoza kwa usahihi wa sentimita, zikipinda mistari au kukataa kuendelea. Kwa mtu anayetafuta barabara mjini, hitilafu ya mita chache haionekani. Redio ya FM nayo huendelea bila habari, kwani mawimbi yake hayahitaji ionosfera, na ya simu za mkononi ni vivyo hivyo.

Nusu saa ya kujua

Swali la haki ni kwa nini utabiri hukosea mara nyingi. Wingu huonekana likiondoka, kasi yake hukadiriwa, siku ya kufika hutajwa, kisha usiku unapita mtupu. Tatizo ni mwelekeo wa uga sumaku uliomo ndani ya wingu. Ukielekea kusini, kinyume na ule wa Dunia, nyuga mbili hushikana na mlango hufunguka. Ukielekea kaskazini, wingu huteleza pembeni na kwenda zake. Mwelekeo huo haupimiki kutoka mbali; hujulikana tu wingu linapovipitia vyombo vilivyoegeshwa kilomita milioni 1.5 kutoka Dunia upande wa Jua. Kwa kilomita 800 kwa sekunde, hiyo ni kama nusu saa ya onyo. Mei 2024 mawingu yasiyopungua matano yalifuatana, ya nyuma yakayafikia ya mbele, na dhoruba ikafika daraja G5, ya kwanza tangu Oktoba 2003. Wanasayansi waliipa jina la Jennifer Gannon, mtaalamu wa fani hiyo aliyefariki siku chache kabla.

Lakini kuna kundi la watu ambao huijua aurora bila chombo cha angani na bila hata kuona anga. Ni waendesha redio wa ridhaa wanaotumia megahezi 50 na 144. Masafa hayo kwa kawaida hayadundi. Hufika mbali kidogo kupita upeo wa macho na kuishia hapo. Usiku wa aurora, elektroni zilizojazana kwenye ghorofa ya E hujipanga kama vijiti kando ya mistari ya uga sumaku, na vijiti hivyo huyarudisha mawimbi. Watu wawili waliotengana kwa kilomita elfu moja, mmoja magharibi na mwingine mashariki, huacha kuelekezeana antena. Wote wawili huzigeuza kaskazini, kwenye ukuta usioonekana, na huko ndiko wanakokutana.

Ila sauti inayorudi si ile iliyokwenda. Vijiti ni vingi mno, kila kimoja kikikimbia kwa mwendo wake, na kila kimoja hulisogeza wimbi kidogo kutoka kwenye masafa yake. Maneno kwenye megahezi 144 hurudi kama mnong'ono wa mtu aliyepotelewa na sauti. Kwenye 50 hueleweka kwa taabu. Kwa hiyo wengi hurudi kwenye nukta na vistari vya Morse, na hata hivyo mlio haupo tena: mahali pa filimbi safi unasikia mfoko, kama mvuke unaoponyoka kwenye bomba, mfupi, mrefu, mfupi. Wanaporipoti ubora wa ishara, mahali pa tarakimu inayoeleza usafi wa mlio huandika herufi A, ya aurora, kwa sababu hakuna mlio wa kupima.

Redio haihitaji giza. Mfoko huo mara nyingi huanza alasiri, Jua likiwa bado juu na mawingu ya mvua yakiwa yamefunika kila kitu, saa nyingi kabla ya yeyote kutoka nje na kamera. Hudumu, hupotea magharibi inapoingia, kisha hurudi karibu na usiku wa manane. Anayeusikia huita haraka, huandika jina la kituo kilichomjibu na saa, na kuendelea kuizungusha antena taratibu akitafuta mahali ukuta ulipo mnene, mpaka mfoko unapokatika katikati ya nukta na masafa yanabaki matupu.